SOKO LA PROGRAMU: Kuchelewa kupandisha toleo la seva nako kuna bei yake

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kukuta hapa bei za mahindi, saruji na mafuta. Wiki hii tunaangalia bidhaa isiyopimwa kwa gunia wala kwa lita, ambayo bei yake imewashitua wenye makampuni wengi tangu mwishoni mwa mwaka 2023. Bidhaa hiyo ni programu ya kugawa seva, hasa ile iitwayo vSphere, inayotengenezwa na VMware ya Marekani.

Tangu tarehe 2 Oktoba 2025, toleo la 7 la programu hiyo halipati tena matengenezo ya kawaida. Kampuni ambayo bado inalitumia ina njia tatu: kupanda hadi toleo jipya, kuhamia kwa mtengenezaji mwingine, au kukaa ilipo. Kila njia ina gharama yake, na ile inayoonekana kuwa ya bure siyo ya bure.

Kazi ya programu hii

Zamani kampuni ilinunua seva moja kwa kila kazi: moja ya hesabu, moja ya barua pepe, moja ya kuhifadhi mafaili. Nyingi zilikula umeme mchana kutwa bila kufanya kazi ya maana. Programu ya kugawa seva huufanya mtambo mmoja uwe kama nyumba ya kupanga. Wapangaji ni wengi, na kila mmoja ana chumba na ufunguo wake. Wapangaji hao huitwa mashine pepe. Katika vSphere, ESXi ndiyo nyumba yenyewe, na vCenter ndiyo ofisi ya mwenye nyumba, inayosimamia nyumba zote kwa pamoja.

Faida yake ni kubwa, lakini faida hiyo ndiyo pia hatari yake. Lango la nyumba likivunjwa, wapangaji wote huibiwa usiku mmoja.

Bei inavyohesabiwa sasa

VMware ilianzishwa mwaka 1998, na imepita mikononi mwa EMC na Dell. Tarehe 22 Novemba 2023 ilinunuliwa na Broadcom. Mwezi uliofuata, mwenye mali mpya alitangaza kuwa leseni za kununua mara moja na kubaki nazo daima haziuzwi tena. Sasa mteja hulipia muda wa kutumia, na muda ukiisha hulipa tena. Kifurushi kilichowafaa wenye biashara ndogo, cha hadi seva tatu, nacho kiliondolewa sokoni mwaka 2024.

Jambo la pili ni kipimo. Malipo huhesabiwa kwa kori, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja, na kila prosesa huhesabiwa kuwa na kori zisizopungua 16 hata kama inazo chache.

Tuchukue mfano wa kampuni ya jumla yenye seva tatu. Kila seva ina prosesa mbili, na kila prosesa ina kori 8. Kori zilizomo kweli ni 48, lakini zitakazolipiwa ni 96. Nusu ya ankara ni ya kori ambazo hazimo ndani ya mtambo. Kwa kampuni hiyo, kila dola 10 inayoongezeka katika bei ya kori moja kwa mwaka ni dola 960 zaidi.

Kwa hiyo kabla ya kuomba bei, mwenye kampuni ahesabu kwanza prosesa na kori zake. Huenda ikawa nafuu kununua seva mbili mpya zenye prosesa moja moja ya kori 16, na kulipia kori 32, kuliko kuendelea kulipia 96 juu ya mitambo iliyozeeka. Hesabu hiyo haina budi kufanywa kwa makini, kwani seva mbili zikibaki, moja lazima iweze kubeba mzigo wote siku nyingine inapolala.

Bei ya kukaa ulipo

Wapo wanaosema: "Mtambo unafanya kazi, kwa nini niuguse?" Jibu lilitolewa na soko lenyewe. Mwezi Februari 2021 VMware ilitoa kiraka cha kuziba tundu moja katika ESXi. Miaka miwili baadaye, tarehe 3 Februari 2023, kituo cha usalama wa kompyuta cha Ufaransa, CERT-FR, kilitoa onyo kwamba wahalifu walikuwa wakishambulia seva za ESXi na kuyafunga mafaili ya mashine pepe kwa msimbo, kisha kudai fidia. Tundu lililotajwa ni lile lile la mwaka 2021. Shambulio hilo, lililopewa jina la ESXiArgs, liliwakumba watumiaji wa maelfu ya seva katika nchi nyingi.

Msomaji azingatie kwamba dawa ilikuwepo kwa miaka miwili, na wengi waliodhurika ni wale ambao hawakuinywa. Tarehe 4 Machi 2025 yalitangazwa matundu mengine matatu yaliyokuwa tayari yakitumiwa na wahalifu. Kwa matundu hayo, aliyekwisha kuiteka mashine pepe moja angeweza kutoka chumbani na kuingia katika nyumba nzima. Toleo la 7 lilikuwa bado linahudumiwa wakati ule, likapata kiraka chake. Mwenye kubaki nalo leo asitarajie huduma kama ile kwa tundu litakalogunduliwa kesho.

Pamoja na hayo, anayechelewa huongeza idadi ya ngazi za kupanda. Aliye katika toleo la 6.5 hawezi kurukia la 8 moja kwa moja; hana budi kupitia la 6.7 au la 7. Vivyo hivyo, aliye katika la 7 hupitia la 8 kabla ya kufika la 9, lililotoka Juni 2025. Toleo la 8 limetangazwa kuhudumiwa kwa kawaida hadi tarehe 11 Oktoba 2027.

Kazi ilivyo na mitego yake

Mtego wa kwanza ni mitambo. Toleo la 8 halikubali prosesa kadhaa za miaka ya 2011 na 2012, zikiwemo Xeon E5-2600 za kizazi cha kwanza. Toleo la 7 nalo liliacha aina ya zamani ya programu za kuendeshea vifaa, hivyo baadhi ya kadi za mtandao za zamani hazionekani tena baada ya kupanda. Wanaowasha seva zao kwa kadi ndogo ya SD wajue kuwa matoleo mapya huandika mno juu ya diski ya kuwashia, na kadi hizo huchakaa upesi. Orodha ya vifaa vinavyokubalika hutolewa na mtengenezaji, na ndiyo ya kusomwa kabla ya kutia saini ankara yoyote.

Mtego wa pili ni leseni. Ufunguo wa toleo la zamani haufungui toleo jipya. Seva ikipandishwa bila ufunguo mpya huendelea katika siku 60 za majaribio, na kila kitu huonekana kimekwenda salama. Siku hizo zikiisha, mashine pepe zinazofanya kazi huendelea, lakini iliyozimwa haiwaki tena. Mahali ambapo umeme hukatika, hayo ni maafa yanayosubiri siku yake.

Mtego wa tatu ni mpangilio. Hupandishwa kwanza vCenter, kwa sababu vCenter mpya huweza kusimamia ESXi ya zamani inayokubalika, bali ya zamani haiwezi kusimamia iliyo mpya. Kisha seva hupandishwa moja baada ya nyingine: wapangaji wa seva ya kwanza huhamishiwa kwa jirani zake, seva hupandishwa na kupimwa, ndipo wanarudishwa. Hufuata programu ndogo za VMware Tools zilizomo ndani ya kila mashine pepe. Toleo la vifaa vya mashine pepe huachwa mpaka mwisho, kwa kuwa ukishalipandisha hakuna njia ya kawaida ya kulirudisha.

Kabla ya yote, nakala za akiba ziwe zimehifadhiwa nje ya seva hizo, na mojawapo ijaribiwe kwa kuirejesha kweli. Picha ya muda inayopigwa ndani ya mfumo wenyewe siyo nakala ya akiba. Diski ikifa, picha hufa nayo.

Wauzaji wengine

Ushindani umeamka. Hyper-V ya Microsoft imo ndani ya Windows Server, hivyo kampuni iliyokwisha kulipia Windows huenda tayari inayo. Proxmox ya Vienna, Austria, hutumika bila ada ya leseni, na anayetaka huduma hulipa kwa mwaka kwa kila prosesa bila kuhesabiwa kori. Mwaka 2024 iliongezewa njia ya kuingiza mashine pepe moja kwa moja kutoka ESXi. Nutanix nayo inawania wateja hao hao.

Hata hivyo, leseni nafuu siyo gharama yote. Mafundi watahitaji mafunzo, mfumo wa nakala za akiba lazima ukubaliane na makao mapya, na aliyewauzia programu ya hesabu aulizwe kama ataendelea kuihudumia huko. Majibu hayo yapatikane kwa maandishi.

Ushauri kwa wenye makampuni

Mwenye toleo la 7 au la chini yake asisubiri ankara ya mwaka ujao. Wiki hii ahesabu kori na aandike umri wa kila seva. Kisha aombe bei mbili, ya kubaki na ya kuhama, zote kwa miaka mitatu, maana bei ya mwaka mmoja hudanganya. Wakati anangoja, azuie ukurasa wa usimamizi wa ESXi usifikiwe kutoka intaneti.

Siku ya kazi nayo ichaguliwe vema. Isiwe siku za mishahara, wala karibu na tarehe 20, mwisho wa kupeleka ritani za VAT Tanzania na Kenya. Jenereta iwe na mafuta, na betri za akiba zipimwe siku iliyotangulia. Kazi ya namna hii ikipangwa humalizika Jumamosi na Jumapili. Isipopangwa, wahalifu au fundi wa umeme ndio watakaoichagulia siku.