Kwa Nini Mbwa Wako Hanenepi?

Wengi wenye mbwa aliyekonda humwongezea ugali tu, wasione faida yo yote. Yafaa kuitafuta sababu kwanza.

Kwanza, mpime. Simama juu ya mizani ukimbeba mbwa, kisha simama peke yako; tofauti ndiyo uzito wake. Fanya hivyo kila juma na kuandika.

Pili, angalia chakula. Ugali mtupu haumtoshi. Hana budi kupata nyama au samaki pia, wala asinyang'anywe na mbwa wengine.

Tatu, ikiwa ala vizuri naye angali amekonda, shuku minyoo. Mtoto wa mbwa mwenye tumbo kubwa na mbavu za kuhesabika huenda ameipata kwa mama yake, tangu tumboni au katika maziwa. Vipande mfano wa punje za mchele penye mkia ni dalili ya tegu. Ufizi ukiwa mweupe, huenda damu yanyonywa na minyoo ya safura au kupe.

Mpeleke kwa mganga wa mifugo, apewe dawa kwa kadiri ya uzito ule ulioandika. Usikawie. Mayai ya minyoo hukaa udongoni, na watoto wachezao hapo huweza kuyameza. Mnyoo mchanga ukifika jichoni waweza kumpofusha mtoto. Basi kinyesi cha mbwa kizikwe kila siku, na watoto wanawe kwa sabuni kabla ya kula.