Jiolojia, jiografia na Kifaransa: vinakutana wapi?

Unachagua masomo ya shahada ya kwanza na unajiuliza: haya matatu yanahusiana kweli? Twende Goma, mashariki mwa Kongo, chini ya volkano Nyiragongo.

Huko, gesi ya kaboni dioksidi hupenya juu kupitia nyufa za ardhi. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, karibu mara 1.5, kwa hiyo hutuama kwenye mabonde kama maji, hasa usiku upepo ukitulia. Haina rangi wala harufu. Mbuzi akishuka humo, hapandi tena. Mtoto naye, kwa ufupi wake, huivuta kabla ya mtu mzima. Wenyeji wanaiita mazuku.

Jiolojia itakueleza gesi inatoka wapi. Jiografia itakuonyesha nani kajenga kwenye bonde lipi. Na Kifaransa? Ndiyo lugha ya ofisi na vyuo vya huko, na taarifa nyingi za volkano hiyo huandikwa kwacho. Ndani yake utakuta neno mazuku limeachwa vilevile.

Ukiyasoma yote matatu, utaweza kusoma taarifa asubuhi, na jioni kumwambia mama kwa Kiswahili: usilaze watoto hapa.