Bridge: kutaja namba ni kutoa ahadi

Wasomaji wetu wenye kupenda karata wanatuuliza: bridge inapita michezo mingine juu ya nini? Tunajibu: juu ya «contrat», ni kusema mkataba.

Watu wane, wawili kwa wawili, wanagawana karata 52. Kila zamu karata 4 zinaanguka mezani, ni «levée» moja. Zote ziko 13. Lakini mbele ya kucheza, wanapandisha bei sawa sokoni. Mwenye kutaja 1 anaahidi levée 7. 4 ya «cœur» ni 10. «Grand chelem» ni zote 13. Mkikosa moja tu, pointi zinaenda kwa wapinzani.

Mwenzake wa mwenye kucheza mkataba anaitwa «mort», maiti. Analaza karata zake wazi na kunyamaza. Mwenziye akianguka, wote wawili wameanguka.

Wengine wanasema ni bahati tu. Kwa tournoi haiko vile. Karata zile zile zinapita meza kwa meza. Ukipata mbaya, wenye kukaa upande wako kwa meza zingine nao wamezipata. Kinachopimwa ni akili.

Vile njo Ufaransa ilishinda Marekani kwa finali ya Bermuda Bowl, kule Hammamet, Tunisia, mwaka wa 1997. Mashindano hayo yalirudi Afrika 2023, Marrakech.

Basi, ndugu wa klabu, hesabuni mbele ya kutaja. Maiti hatawasaidia tena.