Je, Wajua Nodi ya Kuhifadhi Data Ingeishije Kamina?

Je, wajua kwamba kompyuta ndogo yenye diski, ikiwashwa nyumbani Kamina, nchini Kongo (DRC), inaweza kutunza vipande vya faili za mtu wa Ulaya usiyemjua, nawe ukalipwa? Kompyuta hiyo huitwa nodi. Mtandao mmoja wa kuhifadhi data kwa njia hiyo ni Storj, ambao hauna ghala moja la seva. Umejengwa juu ya maelfu ya nodi za watu binafsi.

Kinachouwezesha ni hesabu waliyoibuni Irving Reed na Gustave Solomon mwaka 1960, ileile inayoifanya CD yenye mikwaruzo iendelee kucheza. Faili husimbwa kwanza, kisha hugawanywa. Kwa miaka mingi Storj ilitawanya vipande kama 80, na vyovyote 29 vilitosha kuirudisha faili nzima. Kwa hiyo nodi yako ikizimika faili haipotei, na wewe mwenyewe huwezi kusoma unachokitunza. Napenda sana ubunifu huu.

Diski si tatizo: nafasi ya GB 550 inatosha kuanzia. Shida ni umeme. Nodi ikikosekana hewani zaidi ya saa 288 katika siku 30, husimamishwa. Yenyewe hula wati 15 hivi, lakini haifanyi kazi bila intaneti. Kamina, makao makuu ya Haut-Lomami na njia panda ya reli, iko mbali sana na Muanda, mji wa pwani ambako nyaya za intaneti za baharini hutua. Atakayefikiria dishi la intaneti ya setilaiti la Starlink, lililoruhusiwa nchini Mei 2025, ajue kwamba la kawaida laweza kula wati 75, mara tano ya nodi yenyewe. Jumla ni wati 90. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100, isiyofaa kushushwa chini ya nusu, haitaubeba mzigo huo hata saa saba. Umeme ukikatika usiku kucha utahitaji betri mbili, na paneli za jua za kuzijaza kesho yake.

Kuna pia kikwazo cha anwani ya IP. Vifurushi vya nyumbani vya Starlink huwachanganya wateja wengi kwenye anwani moja ya umma, hivyo mtandao hauwezi kuifikia nodi yako moja kwa moja. Itabidi ukodi njia ya kupitia kwingine.

Malipo je? Karibu dola 1.5 kwa kila terabaiti kwa mwezi, na nyongeza kidogo data inapopakuliwa. Miezi mitatu ya kwanza, 75% ya fedha hizo huzuiwa kama amana.

Kwa hiyo usinunue dishi wala betri kwa ajili ya nodi. Lakini kama una shule, zahanati au duka la intaneti ambalo tayari lina umeme wa jua na laini isiyolala, chomeka diski iliyokaa bure ujaribu. Kabla ya hapo, muulize mtoa huduma wako swali moja: je, nitapata anwani ya umma?