Msaidizi wa Mwalimu: Kazi Yake na Njia ya Kuipata

Ndugu zetu wa Bukoba na Muleba, nanyi nyote mnaosoma maneno haya mahali pengine, leo twapenda kusema nanyi habari za kazi ambayo watu huiona kila siku, walakini ni wachache waliokaa kuifikiri. Ni kazi ya msaidizi wa mwalimu. Tutaeleza yahitajiwa kwa sababu gani, ilianzaje katika nchi hii, mtu huipataje, na yampasa ajihadhari na nini akiisha kuipata.

Kwanza na tuingie darasani. Kanuni ya Serikali yasema darasa la shule ya msingi liwe na watoto 45, na darasa la awali liwe na watoto 25. Hicho ni kiasi chema, maana mwalimu aweza kuwajua wote kwa majina. Lakini tangu Januari 2016, ada na michango ya lazima ilipoondolewa katika shule za Serikali, watoto waliingia shuleni kwa wingi kuliko mwanzo, wala vyumba na walimu havikuongezeka kwa mwendo huo huo. Basi katika shule nyingi mwalimu mmoja hujikuta mbele ya watoto mara mbili ya kiasi kile, wengine wakiwa wamebanana kwenye dawati moja, na wengine wameketi sakafuni.

Mtazame mtoto aliyeketi nyuma kabisa, karibu na ukuta. Mwalimu anaandika herufi ubaoni na kuuliza, “Hii ni nini?” Darasa zima laitikia kwa sauti moja, naye yule mtoto afungua kinywa pamoja na wenziwe. Mwalimu adhani amejua, kumbe hajui. Amejifunza kuitikia tu, kusoma bado. Kesho itakuwa vivyo hivyo, na mwezi ujao pia. Hata akifika darasa la tatu, vitabu vyote vitakuwa kwake kama nyumba iliyofungwa, naye hana ufunguo. Mtoto wa namna hii si mjinga wala si mvivu. Hakupata mtu wa kuketi karibu naye kwa dakika kumi tu na kumwuliza peke yake.

Mtu huyo wa kuketi karibu naye ndiye msaidizi wa mwalimu.

Tena iko sababu nyingine, nayo ni ya lugha. Katika vijiji vya Kamachumu, Nshamba au Izigo, mtoto aliyelelewa ndani ya kibanja huwa amesikia Kihaya kwa bibi yake na kwa mama yake tangu kuzaliwa. Akifika shuleni aambiwa kila jambo kwa Kiswahili, na pengine mwalimu wake ametoka mkoa wa mbali, hajui neno moja la Kihaya. Msaidizi aliyezaliwa papo hapo huwa daraja kati yao. Mtoto akikwama katika kuhesabu, msaidizi amwonyesha kwamba ile “ikumi” ya nyumbani na hii “kumi” ya shuleni ni ndugu wa tumbo moja. Mtoto acheka, na hofu yamtoka. Mtoto aliyetokwa na hofu amekwisha kuanza kujifunza. Walakini msaidizi asimwache akae katika lugha ya nyumbani tu, kwa maana mitihani na vitabu vinamngoja kwa Kiswahili. Daraja ni la kuvukia, si la kujengea nyumba.

Sasa twende kwenye historia. Watu wengine hufikiri ya kwamba msaidizi ni jambo la juzi, lililoletwa na upungufu wa walimu. Sivyo. Hapa kwetu Buhaya kusoma kwenyewe kulienezwa na wasaidizi. Mapadre Weupe wa Kanisa Katoliki walifika Kashozi, kaskazini ya mji wa Bukoba, mwaka 1892. Nao Wajerumani wa Misioni ya Betheli walianza kazi yao mwaka 1910. Lakini kabla ya hao wa Betheli kufika, walikuwako Wahaya waliokuwa wamejifunza kusoma huko Buganda, nao wakarudi na vitabu vya Kiganda na kuwafundisha wenzao. Hawakuwa na cheti wala mshahara. Aliyejua herufi kumi alimfundisha asiyejua hata moja. Baadaye misheni zilipopanuka, padre au mchungaji mmoja hakuweza kufika katika kila kijiji, na kwa hiyo makatekista ndio waliofundisha watoto katika vibanda vya nyasi, kusoma na dini pamoja.

Hata Ulaya mambo yalikuwa hivyo. Huko Uingereza mwaka 1846 Serikali iliweka mpango wa wanafunzi-walimu. Kijana mwenye umri wa miaka 13 au zaidi alifungwa kwa mapatano ya miaka mitano, akimsaidia mwalimu mkuu mchana, naye mwalimu mkuu akimfundisha yeye nje ya saa za darasa. Kijana alijifunza ualimu kama seremala ajifunzavyo kwa fundi wake, yaani kwa kushika randa na kutazama mkono wa aliyemtangulia.

Nchini Tanzania jambo kubwa la namna hii lilitokea baada ya Novemba 1974, chama cha TANU kilipokutana Musoma na kuazimia kwamba kila mtoto wa umri wa shule apate nafasi katika shule ya msingi kufikia mwaka 1977. Watoto walikuwako, lakini walimu hawakutosha. Ndipo Serikali ilipowachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawaweka katika shule za vijijini. Walifundisha kwa sehemu ya siku, na kwa sehemu nyingine walijifunza wenyewe, kwa masomo yaliyoletwa kwa posta, kwa vipindi vya Radio Tanzania, na kwa wakufunzi waliokaa karibu nao. Watu waliwaita walimu wa UPE. Zaidi ya vijana 35,000 walihitimu kwa njia hiyo. Wengine waliwacheka kwa sababu elimu yao ilikuwa fupi. Na ni kweli kwamba wengi waliachiwa mzigo mzito mapema mno. Walakini baba na mama wengi wa leo walifundishwa herufi zao za kwanza na vijana hao.

Tujifunze nini kwa habari hizi? Twajifunza mambo mawili. La kwanza, kijana wa kijijini aweza kufaa sana shuleni ijapokuwa elimu yake si kubwa. La pili, msaidizi akiachwa peke yake mbele ya darasa, bila mwalimu wa kumwongoza, huharibika kazi na yeye pia. Jambo hili la pili msilisahau, maana tutalirudia.

Basi kijana aliyemaliza kidato cha nne, naye yuko nyumbani akisaidia kuchuma kahawa, afanyeje akitaka kazi hii?

Kwanza ajipime mwenyewe. Je, awapenda watoto wadogo, au ataka tu kuitwa mwalimu? Je, aweza kurudia neno moja mara ishirini bila kukunja uso? Mwandiko wake wasomeka? Kama moyo wake wajibu vema, na aendelee.

Pili, aende kwa mwalimu mkuu wa shule, asiende kwa mwalimu rafiki yake kwa mlango wa nyuma. Aandike barua fupi ya adabu, aeleze jina lake, kijiji chake, elimu yake na siku anazoweza kuja. Achukue vivuli vya vyeti vyake, na barua ya kumtambulisha kutoka kwa mwenyekiti wa kitongoji au wa kijiji. Shule hukabidhiwa watoto wa watu. Yafaa ijue ni nani aingiaye mlangoni.

Tatu, mwalimu mkuu alipeleke jambo hilo mbele ya kamati ya shule, ambamo wazazi wana wajumbe wao, na kuwaarifu wakuu wa elimu wa kata na wa halmashauri. Kijana asianze kazi kabla ya ruhusa hiyo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 iliagiza ya kwamba asifundishe mtu shuleni pasipo kuandikishwa au kupewa leseni, na mwaka 2018 ikatungwa sheria ya kuunda Bodi ya Kitaalamu ya Walimu. Kwa hiyo msaidizi ni mkono wa mwalimu. Si mwalimu kamili. Darasa ni la mwalimu, na mwalimu ndiye atakayeulizwa habari zake.

Nne, mapatano ya posho yaandikwe. Hapa twasema wazi, kwa kuwa ndipo vijana wengi walipoumia. Msaidizi wa kujitolea hana mshahara wa Serikali. Alipwacho hutoka katika mapatano ya wazazi na kamati, na pengine ni kidogo, na pengine huchelewa mpaka msimu wa kahawa. Mdomo hausomwi, karatasi husomwa. Iandikwe ni kiasi gani, nani atakilipa, lini, na kwa muda gani. Tena mtu yeyote asimwambie kijana ya kwamba akijitolea miaka mingi ataajiriwa kwa hakika. Hiyo si ahadi ambayo kijiji chaweza kuitimiza. Kijana na ajiwekee mwisho, mwaka mmoja au miwili, wala asiache kupalilia migomba yake.

Sasa kazi yenyewe ni hii. Kabla ya kengele, msaidizi afika kumwuliza mwalimu, “Leo twafundisha nini, na nani walibaki nyuma jana?” Mwalimu afundishapo darasa zima, msaidizi apita kimya kati ya madawati akitazama madaftari. Kisha achukua watoto watano au sita, aketi nao pembeni au chini ya mwembe mahali mwalimu awezapo kuwaona, awasomeshe mmoja mmoja. Zana hazina gharama: vijiti, mbegu za maharagwe, vifuniko vya chupa vya kuhesabia, na herufi zilizoandikwa kwenye vipande vya maboksi. Jioni aandika katika daftari dogo: fulani amejua silabi za “ma”, fulani bado. Daftari hilo ni mali kubwa. Kwa hilo mwalimu humjua yule mtoto wa ukutani.

Katika visiwa vya Muleba, kama Bumbire, Ikuza na Goziba, msaada huu wahitajiwa zaidi. Mwalimu akivuka kwenda bara kwa dawa au kwa shughuli ya ofisi, ziwa laweza kuchafuka akakawia. Hapo msaidizi, chini ya mwalimu aliyebaki, huwashika watoto katika mazoezi waliyoachiwa, siku isipotee.

Yako pia mambo ya kujihadhari. Msaidizi asishike fimbo hata mara moja. Kanuni za nchi zimeweka adhabu ya viboko mikononi mwa mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viboko visizidi 4. Mwaka 2018 mjini Bukoba mwanafunzi wa shule ya msingi alifariki baada ya kupigwa na mwalimu, na nchi nzima ilihuzunika. Mtoto asiyejua herufi hafundishwi na maumivu. Huongezewa hofu, nayo hofu hufunga masikio. Tena msaidizi asikae na mtoto peke yao mahali palipofichika, asiwatume watoto kazi za nyumbani kwake, wala asiwatoze fedha za masomo ya jioni, akiwaacha wasio na kitu.

Na mwisho wa kazi hii ni nini? Kwa wengine ni kurudi shambani wakiwa wazazi wenye busara zaidi, nalo si jambo dogo. Kwa wengine ni mlango wa chuo. Muleba kwenyewe kuna Chuo cha Ualimu Katoke, na nje ya Kagera kuna Butimba huko Mwanza, Murutunguru huko Ukerewe, na Kabanga huko Kigoma. Kwa miaka ya karibuni vyuo vimetaka cheti cha kidato cha nne chenye daraja la kwanza hadi la tatu. Aliyepungukiwa na arudie masomo yake jioni wakati bado ni msaidizi, maana yuko karibu na vitabu na karibu na walimu. Naye akifika chuoni atakuwa na kitu ambacho wenziwe hawana: amekwisha kuona jinsi mtoto aangavyo uso anaposoma neno lake la kwanza.

Nanyi wazazi, twawaombeni jambo moja. Kijana wenu akijitolea shuleni, msimwite mtu aliyekosa kazi. Timizeni posho mliyoahidi, na kama fedha haipo, mkungu wa ndizi upelekwe kwa wakati wake na kwa heshima. Haba na haba hujaza kibaba. Mtoto wa ukutani ni wenu, na yule aliyeketi karibu naye ni wenu pia.

Haya ndiyo tuliyokusudia kuwaambieni. Kwaherini.