Kamera ya Kuvizia Wanyama

Kamera ya kuvizia hufungwa mtini kando ya mapito ya wanyama. Ndani yake mna kifaa kinachohisi mionzi ya joto. Mnyama apitapo, joto lifikalo kwenye kifaa hicho hubadilika ghafla, na picha hupigwa. Kwa hiyo yafaa ielekezwe kaskazini au kusini, na matawi yaliyo mbele yake yakatwe, kwani jua na majani yenye joto yanayoyumba huihadaa.

Mwaka 2005, katika Milima ya Udzungwa, Tanzania, kamera hizo zilinasa picha za sange mwenye uso wa kijivu, asiyejulikana na wanasayansi. Picha pekee hazikutosha. Mwaka 2006 watafiti walimkamata na kumpima; mwaka 2008 akatangazwa kuwa spishi mpya, Rhynchocyon udzungwensis.