Upanga na Chama: Uteuzi wa Maafisa wa Jeshi katika Jamhuri Changa ya Marekani, 1798–1812

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi uteuzi wa maafisa wa jeshi ulivyogeuka kuwa uwanja wa mapambano ya kisiasa katika miaka ya mwanzo ya Jamhuri ya Marekani. Hoja yetu ni kwamba Katiba ilibainisha nani ateue, lakini haikutoa kipimo cha kumtambua anayefaa. Na palipokosekana kipimo kilichokubaliwa na wote, itikadi ya chama ilishika nafasi yake.

2.0 Chimbuko la Mgogoro

Katiba iliyoandikwa mwaka 1787 ilimpa Rais mamlaka ya kuteua maafisa kwa ushauri na idhini ya Seneti. Hata hivyo, katika miaka ya 1790 viongozi waligawanyika pande mbili. Wafederali walitaka serikali kuu yenye nguvu. Warepublikani wa Thomas Jefferson, ambao wasichanganywe na chama cha Republican kilichoanzishwa mwaka 1854, walilihofia jeshi la kudumu na kupendelea wanamgambo wa majimbo. Kwao, suala la nani apewe kamisheni lilihusu uhai wa jamhuri yenyewe: silaha zikiwa mikononi mwa kundi moja, kura za kundi la pili zitalindwa na nani?

3.0 Jeshi la Wafederali

Uhasama na Ufaransa ulipopamba moto mwaka 1798, Kongresi iliidhinisha kuundwa kwa vikosi vipya, na Rais John Adams akamteua George Washington kuwa Amiri Jeshi mwenye cheo cha luteni jenerali. Mvutano wa kwanza ulizuka miongoni mwa Wafederali wenyewe. Washington alitaka Alexander Hamilton awe wa kwanza miongoni mwa mameja jenerali, akifuatiwa na Charles Cotesworth Pinckney na Henry Knox. Adams, aliyemshuku Hamilton, alimtanguliza Knox, ambaye cheo chake katika Vita vya Uhuru kilikuwa kikubwa kuliko vya wenzake. Washington alipodokeza kwamba angejiuzulu, Adams alisalimu amri, naye Knox akakataa kutumika. Seneti nayo ilimkataa William Stephens Smith, mkwe wa Adams, alipopendekezwa kuwa mnadhimu mkuu wa jeshi.

Mwishoni mwa mwaka huo Washington, Hamilton na Pinckney walikutana Philadelphia kuchambua majina ya waombaji. Sifa za kijeshi zilizingatiwa, lakini msimamo wa kisiasa ulipimwa pia, na wafuasi wa Jefferson kwa jumla waliwekwa kando. Adams alipopendekeza Aaron Burr, Mrepublikani aliyepigana Vita vya Uhuru, Washington hakukubali. Kwa kuwa mwaka huohuo ilipitishwa Sheria ya Uchochezi iliyowaadhibu wakosoaji wa serikali, Warepublikani waliona kwamba kikulacho ki nguoni mwako: jeshi lililodaiwa kuwa la kuwazuia Wafaransa lingeweza kugeuziwa wananchi. Vita vya nchi kavu havikutokea, na vikosi hivyo vilivunjwa mwaka 1800.

4.0 Marekebisho ya Jefferson

Jefferson alipoingia madarakani Machi 1801, alirithi maafisa ambao wengi wao waliegemea upande wa wapinzani wake. Katibu wake, Meriwether Lewis, alitia alama maalumu kwenye orodha ya maafisa. Baadhi ya alama zilionyesha uwezo wa afisa kazini, na nyingine msimamo wake wa kisiasa. Ni dhahiri basi kwamba Jefferson hakuiondoa siasa katika uteuzi. Aliiweka sambamba na ustahili.

Sheria ya tarehe 16 Machi 1802 ilipunguza jeshi, na hivyo kutoa nafasi ya kuwaachisha kazi maafisa kadhaa. Sheria hiyohiyo iliunda Chuo cha Kijeshi cha West Point. Jefferson, aliyekuwa na shaka na majeshi ya kudumu, alitia sahihi sheria iliyozaa shule ya maafisa wa kudumu. Kinzani hii inaeleweka tukizingatia kwamba shule ingefungua mlango kwa vijana ambao hawakutoka katika mtandao wa Wafederali.

5.0 Gharama ya Upendeleo

Jeshi lilipopanuliwa mwaka 1808, zamu ilikuwa ya Warepublikani kuneemesha wafuasi wao. Winfield Scott, aliyepata ukapteni mwaka huo na baadaye akawa jenerali mashuhuri, aliwashutumu vikali wengi wa walioteuliwa pamoja naye katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1864. Vita na Uingereza vilipoanza mwaka 1812, William Hull, gavana Mrepublikani wa Michigan aliyepewa ubrigedia jenerali, aliisalimisha Detroit mwezi Agosti. Hatuwezi kudai kwamba uteuzi wa kisiasa pekee ndio uliosababisha aibu hiyo, kwani Hull alikuwa amepigana kwa sifa katika Vita vya Uhuru. Lakini utiifu kwa chama haukuweza kufidia upungufu wa maandalizi.

6.0 Hitimisho

Tumeona kwamba kila upande uliita uteuzi wa mwenzake upendeleo, na wa kwake tahadhari. Dawa iliyodumu ilitoka katika taasisi iliyozaliwa ndani ya ushindani huohuo. West Point ilianza kwa sababu ambazo kwa sehemu zilikuwa za kichama, lakini kadiri masomo na mitihani yake ilivyoimarika, ilitoa kile ambacho Katiba haikukitoa: kipimo ambacho wapinzani wawili wangeweza kukitumia kwa pamoja.